Neno la Mhariri: Shabaha ya Malkia na Mamba wa Usavara

Mashindano ya kulenga shabaha ya zama za Malkia Victoria yalizaliwa na hofu. Mwaka 1859 Waingereza wengi waliamini kwamba Ufaransa ya Napoleon III ingevuka bahari na kuwavamia. Raia wakaunda vikosi vya kujitolea, na kabla mwaka haujaisha kikaanzishwa chama cha taifa cha kuwafunza kulenga. Njia iliyochaguliwa ilikuwa mashindano ya kila mwaka, yenye zawadi nono.

Mkutano wa kwanza ulifunguliwa tarehe 2 Julai 1860 huko Wimbledon, pembeni mwa London. Malkia mwenyewe alifyatua risasi ya kwanza kwa umbali wa yadi 400, nayo ikatua karibu kabisa na kitovu cha shabaha. Bunduki ile, iliyobuniwa na Joseph Whitworth na yenye mtutu wa tundu la pembe sita, ilikuwa imefungwa juu ya egemeo na kulengwa mapema na mafundi. Malkia alivuta kamba ya hariri tu. Lilikuwa igizo la wazi, na sifa ya siku ile iliwastahili waliofunga bunduki.

Kazi ngumu ya mashindano hayo haikuwa kufyatua. Ilikuwa kupata uwanja mrefu usiokatwa na njia za watu, kupima umbali, kujenga tuta la udongo la kunasa risasi, na kuwaweka wahesabuji mahali pa salama karibu na shabaha. Shabaha za mwanzo zilikuwa mabamba ya chuma yaliyopakwa rangi. Risasi ilipogonga, mhesabuji aliinua bendera, na rangi yake ilimjulisha karani, aliyekuwa mamia ya yadi nyuma, alama za kuandika. Kulihitajika pia kanuni za silaha. Katika raundi ya mwisho ya Zawadi ya Malkia, shindano kuu la mkutano huo, washindani wote walitumia bunduki za Whitworth, kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1,000, ili anayeshindwa asipate kisingizio cha mtutu. Mshindi wa kwanza, kijana Edward Ross, aliondoka na pauni 250.

Toleo hili linaanzia Wimbledon kwa sababu bunduki hizo hizo zilifika kwenye Ziwa Viktoria mapema, bila utaratibu huo. Kamanga, upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, inatazamana na nchi ambayo mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliifikia mwanzoni mwa Agosti 1858 na kulipa ziwa jina la malkia wake. Aliporudi katika safari ya pili, Februari 1862, alimkabidhi Kabaka Mutesa wa Buganda bunduki ya Whitworth, pamoja na bastola na karabini kadhaa. Kabaka alimtaka aue ng'ombe wanne waliokuwa wakitembea uani. Speke aliwaua kwa bastola, wa mwisho kwa risasi mbili, baraza likashangilia. Kwa maelezo ya Speke mwenyewe, Kabaka kisha alimpa mtumishi mdogo karabini akamjaribie mtu nje, na mtoto akarudi akitangaza kwamba imefanya kazi. Hapakuwa na umbali uliopimwa, wala mshindani, wala alama. Bunduki ilionyeshwa kwa kuua.

Aprili 1875 ikawa zamu ya mpelelezi mwingine, Henry Morton Stanley, aliyekuwa ameondoka Kagehyi, katika Ghuba ya Speke, kwa mashua yake Lady Alice. Huko Usavara, katika Buganda, Mutesa alimwonyesha mamba mchanga aliyelala juu ya mwamba, umbali wa yadi 100 hivi. Risasi moja nzito ya Stanley ilikaribia kumkata kichwa, na Stanley anadai kwamba wenyeji walikubali kuwa wazungu wote ni walengaji hodari. Tena ni Stanley anayesimulia, na kwa sifa zake hakuwa mtu wa kujipunja. Hata hivyo, risasi moja kwa yadi 100 isingemfikisha mtu popote Wimbledon, ambako mshindi alipatikana kwa kujumlisha risasi nyingi, za umbali mbalimbali, huku upepo ukibadilika.

Kadiri bunduki zilivyozidi kupiga mbali na nyumba za London kusogea, Wimbledon ikawa ya hatari. Julai 1890 mashindano yalihamia Bisley, katika jimbo la Surrey. Mwezi huo huo mambo mawili yaligusa ziwa. Tarehe 1 Julai Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliokata ziwa katika nyuzi 1 kusini mwa ikweta, Mwanza na Kamanga zikabaki upande wa Wajerumani. Kesho yake, miaka 30 kamili tangu Malkia avute kamba ya hariri, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini hati ya kukomesha biashara ya watumwa. Hati hiyo ilizuia pia kuingiza bunduki katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini, na ikazitaja waziwazi zile zenye mitutu ya mifereji. Mwafrika angeweza kuuziwa gumegume la mtutu laini na baruti ya kawaida, tena kwa masharti. Gumegume la namna hiyo halikutegemewa kugonga shabaha kwa yadi 300, umbali ambao Wimbledon ulihesabiwa kuwa wa karibu.