Dawa ya Kwanza Isipofaa, Nani Aongeze ya Pili?



Ndugu Waislamu, miongoni mwa maswali yanayoifikia kamati ya msikiti wetu hapa Lushoto, lipo moja linaloulizwa kwa sauti ya chini, baada ya watu kutawanyika. Mgonjwa wa nyumbani amepimwa, akaambiwa ana sonona, akapewa dawa. Ameimeza kwa wiki kadhaa. Bado halali, hana hamu ya chakula, shamba limemshinda, na hata swala anaisimamisha kwa tabu. Jamaa zake wanauliza: je, tumwongezee dawa nyingine?

Tumeona tulijibu swali hili kwa urefu, kwa sababu huku milimani masafa humtia mtu katika kishawishi. Kutoka Mtae au Mlalo kufika Lushoto mjini ni safari. Kuteremka hadi Mombo na kuendelea mpaka hospitali ya Bombo, Tanga, ni safari nyingine yenye gharama. Basi watu hulijaza pengo hilo wenyewe: vidonge vilivyobaki kwa jirani, dawa ya miti, au vidonge vya maumivu vya dukani. Nia ni njema, lakini nia njema haiondoi sumu katika dawa.

Kwanza tuondoe lawama. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2006, takribani theluthi moja tu ya wagonjwa waliondokewa na dalili za sonona kwa dawa ya kwanza. Waliobaki, ambao ndio wengi, walihitaji hatua nyingine. Kwa hiyo dawa ya kwanza kutofaa si ushahidi wa upungufu wa imani, wala si hoja kwamba hospitali imeshindwa na sasa ni zamu ya mganga. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikwisha kutofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyojulikana sababu yake, ambayo aliihusisha na hali ya mwili. Wazee wetu katika elimu hawakuona haya kulisema hilo. Sisi tuone haya kwa lipi?

Pili, kabla ya kuongeza chochote, daktari hujiuliza mambo manne. Je, muda umetosha? Dawa hizi si kama Panadol. Huhitaji wiki nne hadi sita, zikimezwa kila siku, ndipo zihukumiwe. Je, dozi imefika kiwango chake, au mgonjwa bado yuko kwenye dozi ndogo ya kuanzia? Je, anaimeza kweli, au huiacha akijisikia nafuu au mdomo ukimkauka? Na je, ugonjwa ni huo huo? Upungufu wa damu na tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa huweza kuleta uchovu na huzuni zinazofanana na sonona. Aidha, mtu aliyewahi kupata vipindi vya uchangamfu uliopita kiasi, akakesha siku kadhaa bila kuchoka na kutapanya mali, ni lazima daktari aambiwe, kwa kuwa dawa ya sonona peke yake huweza kumrudisha katika hali hiyo.

Mara nyingi jawabu hupatikana katika maswali hayo manne. Lisipopatikana, daktari hubadilisha dawa au huongeza ya pili. Kuongeza kuna faida kwa baadhi ya watu, si kwa wote, wala si kwa kila mchanganyiko. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022, uliokusanya tafiti 39, ulionyesha kwamba baadhi ya michanganyiko hushinda dawa moja. Lakini utafiti wa Uingereza wa mwaka 2018, kwa wagonjwa 480 ambao dawa zao hazikuwafaa vya kutosha, ulikuta kuwa kuwaongezea mirtazapini hakukuwaletea faida ya maana, na madhara yaliongezeka. Ikiwa wataalamu wenyewe wanapima hivi, vipi sisi tukisie kwa macho?

Tatu, tuitaje hatari kwa jina. Amitriptilini na fluoksetini ni dawa mbili za sonona zinazojulikana sana katika hospitali zetu. Fluoksetini hulizuia ini kuivunja amitriptilini, ikarundikana mwilini. Na amitriptilini ikizidi huvuruga mapigo ya moyo, na huweza kuua. Fluoksetini ikikutana na tramadoli, kidonge cha maumivu, mgonjwa anaweza kupata degedege, au kutetemeka, kutoka jasho jingi, kupata homa, misuli kukakamaa na akili kuchanganyikiwa. Dalili hizo ni za kumkimbiza hospitali, si za kumsomea kwanza. Na kisomo hakizuiliwi; kinachozuiliwa ni kukifanya mbadala wa dawa.

Milima yetu si migeni katika tiba hii. Hospitali ya Lutindi, upande wa Korogwe, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu mwaka 1904 imekuwa ikiwahudumia wagonjwa wa akili. Ni ya Kanisa la Kilutheri, lakini maradhi hayana dini, na Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba.

Basi familia ifanye nini? Iandike tarehe dawa ilipoanza, dozi yake na mabadiliko iliyoyaona. Siku ya kliniki ibebe vidonge vyote vya nyumbani, na dawa za miti pia, bila kuficha. Isimsimamishie dawa ghafla. Akipata nafuu, aendelee kuimeza kwa miezi tisa hadi kumi na miwili, au kama daktari atakavyoelekeza. Ramadhani ikikaribia, aulizwe daktari mapema kuhusu kuhamishia dawa kwenye futari au daku, na kama mgonjwa anaweza kufunga. Mgonjwa ana ruhusa yake katika sheria. Vidonge vifungiwe mbali na watoto. Na mgonjwa akizungumzia kujidhuru, asiachwe peke yake hata saa moja, dawa zishikwe na mtu mwingine, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa kamati za misikiti, tunakumbusha kwamba nauli ya mgonjwa kwenda kliniki ni mahali pazuri pa kuitia sadaka. Familia yenye nauli haitaazima vidonge kwa jirani.

Allah awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza.

Wabillahi tawfiq.