Lubunga: samaki aonyeshwe kwanza, kisha apikwe

Lubunga, Kisangani. – Mtoto amefaulu mtihani wa Taifa. Papa aliahidi tangu mwanzo wa mwaka kwamba siku hiyo nyumba nzima itakula nje. Basi saa tisa mchana watu saba wamevaa nguo za Jumapili, wanashuka kwenye kivuko, wanapanda pirogi ya mota na kuelekea Makiso. Feza ya kwanza ya sherehe inaishia mtoni: watu saba kwenda, watu saba kurudi, na giza likiingia bei ya kurudi inapanda. Lubunga ndiyo komine pekee, kati ya komine sita za Kisangani, iliyo kwenye ukingo wa kushoto wa mto Congo, na daraja hakuna. Kwa hiyo familia inakula samaki huku ikiangalia saa.

Kwa nini wavuke? Nganda ziko hata Lubunga. Mama za huku wanajua liboke kuliko watu wengi wa ngambo: samaki, chumvi, kitunguu, nyanya, pilipili, vyote vinafungwa ndani ya majani ya porini na kuwekwa juu ya makaa polepole, kisha lituma ya ndizi pembeni. Harufu yake inatosha kumsimamisha mtu wa toleka katikati ya barabara.

Kinachowafukuza wateja ni bei isiyotajwa. Mgeni anauliza: «Mama, samaki ni ngapi?» Anajibiwa: «Keti kwanza, papa, tutaelewana.» Anaketi. Wanakula, wanacheka, wanaongeza chupa. Hesabu inapofika, mezani panakuwa kimya. Rafiki mmoja anakumbuka ghafla kwamba simu yake inaita. Mwenye kualika anageuza karatasi huku na huku, na kama wakwe wako pale, aibu hiyo haiishi siku hiyo. Wiki ijayo anavuka kwenda Makiso, ambako pengine atalipa zaidi, lakini atakuwa ameona bei kwenye karatasi kabla ya kuagiza.

Mama wa nganda naye asihukumiwe haraka. Bei yake inazaliwa kila asubuhi. Maji yakipanda, wavuvi wanaleta kidogo. Kapitene au mbenga mzuri akipatikana, wanunuzi wa ngambo wanamchukua mapema kwa sababu wana feza mkononi, na frigo ya kumtunza samaki mbichi si kila mtu anayo. Siku nyingine mama anabaki na vidogo, au anapika chinchard ya barafu, samaki wa bahari, ilhali mto wa Congo unapita hapo karibu. Akitaja bei mapema anaogopa mteja ataondoka. Akinyamaza, mteja anaondoka pia, ila anaondoka baada ya kula na harudi.

Kuna watu mbali sana na hapa waliopata njia ya kutoka katika ugomvi huu. Katika migahawa ya samaki ya Wakantoni, kusini mwa China na Hong Kong, samaki anaogelea ndani ya tangi la kioo. Familia inamchagua, anapimwa, anaonyeshwa akiwa hai, bei inasemwa, ndipo anakwenda jikoni. Anarudi mzima, amepikwa kwa mvuke na tangawizi na majani ya kitunguu, na anawekwa katikati ya meza ya duara ili kila mtu achukue kwa vijiti vyake. Bei inabadilika kila siku hata kule, na karatasi ya vyakula inasema wazi kwamba ni bei ya siku. (Baadhi ya familia za huko hazimgeuzi samaki kwenye sahani, kwa sababu kwa wavuvi ni kama kupindua mtumbwi. Mtu anayevuka kila siku na pirogi iliyojaa ataelewa.)

Lakini jambo linaloifaa zaidi Lubunga liko Lei Yue Mun, kijiji cha zamani cha wavuvi kwenye mlango wa bandari ya Hong Kong. Pale mteja anamnunua samaki kwa muuzaji, anambeba hadi kwenye mgahawa, na mgahawa unadai feza ya kupika tu. Ni bei mbili, na kila moja inajulikana mapema.

Huku hakuhitaji tangi la kioo. Beseni na mizani vinatosha. Mvuvi auze samaki wake kando ya nganda, mbele ya macho ya familia. Mama aandike kwenye kibao bei ya kupika: liboke hivi, kuchoma hivi, lituma hivi. Hiyo haibadiliki kila asubuhi, kwa sababu makaa na majani bei yake haiyumbi kama ya samaki. Mvuvi naye anapata mnunuzi upande wake wa mto na hamwachii mtu wa ngambo samaki mkubwa kwa sababu tu amefika na feza. Na burgumestre, tafadhali, asitume watu wa taksi kuipima mizani siku ya kwanza.

Wapo watakaosema huu si wakati wa kuzungumzia karamu. Tangu Februari 2023 ugomvi wa Mbole na Lengola uliwaleta Lubunga watu wengi waliokimbia vijiji vyao, na wengi wao wanatafuta mlo mmoja kwa siku. Ni kweli. Lakini jiko la nganda halimlishi mteja peke yake. Kuna mama anayeuza majani, kijana anayepasua kuni, msichana anayeosha sahani, mwenye ndizi aliyetembea tangu alfajiri. Familia ya watu saba ikivuka kwenda Makiso, feza yote hiyo inavuka pamoja nayo.

Matokeo ya mtihani yatatoka tena. Papa mwingine wa Lubunga ameshaahidi. Kama mama mmoja tu ataweka beseni mbele ya nganda yake siku hiyo, na kumwambia mtoto aliyefaulu achague samaki mwenyewe, wale saba hawatahitaji kuuliza pirogi ya mwisho inaondoka saa ngapi.