Wimbo wa kumi na moja

UPANDE B, na Bin Kaseti

Tangu niandike hapa kwamba albamu nyingi za Bongo Fleva zinachosha kabla hazijafika katikati, simu yangu haijapumua. Mmoja kasema nina wivu kwa sababu enzi zangu zimepita. Mwingine anataka kujua nimetumwa na timu gani, maana siku hizi ukikosoa wimbo lazima uwe wa upande fulani, kama umekosoa penalti. Wa tatu, ambaye namvulia kofia, kaandika kwa kifupi: "Kaka, wewe albamu huwa unaipimaje?"

Naipima kwa wimbo wa kumi na moja.

Wimbo wa kwanza kila msanii anauhangaikia. Wa pili mpaka wa tano ndipo zinapopangwa ngoma ambazo redio zimeshazipiga mpaka zimechuja. Wa mwisho unajulikana: wa kumshukuru Mungu na mama. Ukifika wa kumi na moja, watu wa promosheni wameshalala. Hakuna mgeni kutoka Lagos, hakuna video, hakuna chalenji ya TikTok. Amebaki msanii na prodyuza wake, na hapo utajua kama alikuwa na la kusema au alikuwa anajaza kapu. Albamu ikiwa fupi, narudi nyuma mpaka wa saba. Sina ubaguzi.

Mazoea haya niliyapata kwenye kaseti. Vijana hamtaelewa shida ya kuruka wimbo kwenye redio ya betri: unabonyeza kupeleka mbele, unasimamisha, umepitiliza, unarudisha, umerudi mno, na betri ndiyo hizo zinakwisha. Mwenye akili alirudisha kaseti kwa kalamu ya Bic. Kwa hiyo tulisikiliza kila kilichomo, upande A tunageuza B, B tunageuza A, na wimbo ulioudharau Jumatatu, ikifika Ijumaa unauimba bafuni.

Mwaka 2001 Professor Jay alipotoa Machozi Jasho na Damu, mtaa mzima ulikuwa unazungumzia Ndiyo Mzee, ule wa mgombea anayeahidi mpaka yasiyowezekana na wananchi wanaitikia tu. Mimi nilishikwa na kitu kingine. Nyimbo zilizouzunguka zilikuwa za mtu yule yule: kijana anayeitazama Dar es Salaam kwa macho makavu, anacheka na kukasirika kwa pamoja. Baadaye akaja na Siyo Mzee, akamjibu mgombea wake mwenyewe. Huyo ni mtunzi ambaye akimaliza wimbo hajamaliza wazo. (Kwamba mwaka 2015 yeye mwenyewe aligombea, akawa mbunge wa Mikumi, hilo nitaliandikia siku nyingine.)

Sililii kaseti lakini. Nyingi zilikuwa na ngoma mbili na makapi manane, tukazinunua Kariakoo kwa kupenda kava, tukajuta ndani ya daladala kabla hatujafika nyumbani. Makapi si uzushi wa leo. Cha leo ni kwamba makapi yamepata wageni wa heshima.

Chukua Only One King ya Alikiba, ya 2021. Nyimbo 16. Rudeboy na Mayorkun kutoka Nigeria, Sarkodie kutoka Ghana, Sauti Sol kutoka hapo jirani, na wengine. Salute na Ndombolo tulishazicheza kabla albamu haijatoka. Sasa niambie, msomaji, ni upi uliokaa midomoni mwa watu baada ya mbwembwe kuisha? Ni Utu. Hauna mgeni. Ni Kiba peke yake na ile sauti ambayo tangu Cinderella haijawahi kuhitaji kushikwa mkono na mtu. Ningekuwa mimi ndiye mwenye mkasi, ningeiacha albamu ile na nyimbo tisa, Utu ikiwa ya pili, na leo tungekuwa tunaitaja kwa sauti ya chini kama watu wanaotaja vitu vya thamani.

Au A Boy from Tandale ya Diamond, ya 2018, iliyozinduliwa Nairobi. Jina lile lilinipa hamu. Nikasema leo ndiyo leo, tutapelekwa Tandale, tutaoneshwa vichochoro na yule mama aliyekuwa akimhangaikia mwanawe. Nikamkuta Rick Ross. Nikamkuta Ne-Yo, nikamkuta Omarion. Nikakuta Nana ya 2015 na Kidogo ya 2016, nyimbo nzuri, ila tulishazichezea harusi ngapi! Mtoto wa Tandale nilimsikia vizuri kwenye Sikomi, anapohesabu majeraha yake bila kujificha, kisha akapotea tena kwenye msafara. Biashara alifanya, hilo hakuna anayelipinga, na milango aliyoifungua nje wenzake wamepita humo humo. Lakini nilinunua bando niisikie Tandale.

Majina nayo. Zamani tulikuwa na Nini Chanzo, tulikuwa na Ugali, zote za Juma Nature. Leo ni Only One King, The God Son, Peace and Money. Ndani watu wanaimba Kiswahili cha Temeke kitupu, mlangoni wamebandika Kiingereza. Sina ugomvi na lugha ya mtu. Ninachoona ni kwamba jina la albamu humwambia msikilizaji ni nani aliyealikwa, na mara nyingi nikisoma jina najihisi kama mwenye shughuli anayeingilia mlango wa jikoni.

Kwa nini hakuna anayewaambia? Hapa ndipo panaponikera zaidi, na lawama naibeba na mimi. Washa redio yoyote asubuhi. Utakuta mabwana wanne wanachambua kona moja iliyopigwa Simba wakicheza na Yanga: beki alisimama wapi, kipa alitoka mapema au alichelewa, kocha angemwingiza nani dakika ya sitini. Wanarudia, wanabishana, wanataja mechi za miaka ishirini nyuma. Saa mbili nzima! Ikija zamu ya albamu ambayo mtu kaitengeneza miaka miwili, mtangazaji anasema "kaua sana", anapiga nusu ya wimbo, anaingiza tangazo. Nchi yenye wachambuzi wengi kiasi hiki imekosaje wa kuchambua muziki?

Jibu ni kwamba mpira una matokeo. Ukisema timu ilicheza vibaya na imefungwa tatu, hakuna wa kukutukana. Muziki matokeo yake ni namba za YouTube, na namba hazijui kama wimbo ni mbaya. Kwa hiyo anayesema ukweli anaitwa mwenye chuki, anayesifu anaitwa chawa, na wenye akili zao wamenyamaza wakaenda kuchambua kona.

Niliwahi kualikwa uzinduzi hotelini, msanii simtaji. Zulia jekundu, moshi wa jukwaani, soda za bure. Zilipigwa nyimbo nne, watu wakizipigia kelele huku wanajirekodi. Ulipofika wakati wa maswali nikauliza kwa nini wimbo wa msiba umepangwa katikati ya nyimbo mbili za kucheza. Msanii alinitazama kama nimemuuliza umri wa mama mkwe wake. Meneja akachukua maiki: "Mzee wangu, tuko na milioni ngapi mpaka sasa, nenda kaangalie." Ukumbi ukashangilia. Bahasha ya nauli niliichukua, nisije nikajifanya malaika.

Hata hivyo meneja yule hakuwa mjinga. Spotify, iliyoingia rasmi kwetu na Kenya Februari 2021, huhesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30. Kila wimbo ni mlango wa kuingizia hela, hivyo milango 20 ni bora kuliko 9, na utangulizi wa gitaa unakatwa ili msikilizaji asikimbie. Fikiria mtu angewaambia wanamuziki wa dansi wa Msondo Ngoma au Sikinde kwamba wana nusu dakika. Wasingekuwa wamemaliza hata kusalimia. Chemko, pale dansi linapokolea, lingefika watu wakiwa wameshalala.

Lakini wapo waliopita kwenye tundu hilo hilo la sindano na wakatoka na kitu. Zuchu, Aprili 2020, alikuja na I Am Zuchu: nyimbo saba, basi. Ya kwake Hakuna Kulala, ya kwake Wana, na kwenye Mauzauzo kamshirikisha mama yake, Khadija Kopa. Mgeni wa namna hiyo hana haja ya kutambulishwa. Taarabu ya Unguja imeingia mle ndani imekaa kitako, na binti anajibizana na aliyemzaa. Nikaisikiliza Peace and Money yake ya Desemba 2024, nyimbo 13, kwa matumaini hayo hayo. Sauti imepevuka, vyombo vimesafishwa vinang'aa. Ila nilipofika mbele mbele nilimtafuta yule binti wa Mauzauzo, mwenye mdomo, nikaambiwa amesafiri.

Marioo, The God Son, mwaka huo huo: nyimbo 17, na Hakuna Matata tuliijua kitambo. Ningepunguza sita. Lakini Nairobi aliyoimba na Bien niiache, maana huwezi kuimba kuhusu mji wa watu bila kumwita mwenyeji akufungulie geti. Huyo kijana ana jicho la mambo madogo ya mapenzi, yale ya kusubiriana na kununiana, na anayaharibu kila anapokumbuka kwamba anatakiwa awe staa.

Inayonipa raha mpaka leo imetoka kwa majirani. Midnight Train ya Sauti Sol, Juni 2020, watu tukiwa na barakoa. Wana wageni nao, ila kila mgeni kaja na kazi mkononi: Brighter Days ilihitaji kwaya, wakaita Soweto Gospel Choir. Disco Matanga imechukua ule muziki wa kukesha msibani wa magharibi ya Kenya, ambako watu hucheza usiku kucha marehemu akiwa ndani, na imeuacha uwe wa furaha na wa kutisha. Huo kwenye harusi ya mtu usiupige.

Juzi nilikwenda kwenye kibanda cha kijana anayeingiza nyimbo kwenye flashi, maana redio ya gari yangu haijui intaneti ni nini. Nikamwambia nataka Midnight Train, zote 13, kwa mpangilio wake. Akaniuliza mpangilio gani. Kompyuta ilikuwa imezipanga kwa alfabeti, Brighter Days juu, Suzanna chini kabisa. Akavuta stuli, nikafungua simu nikawa namsomea moja moja, naye anaandika namba mbele ya kila jina. Tulikuwa kwenye wimbo wa saba alipokuja dada mmoja na flashi yake, akataka ngoma tatu za haraka, bodaboda inamsubiri. Kijana akanitazama. Nikamwambia amhudumie.