Msalato: Lami ndefu haitoshi siku ya wingu

Ukitajwa uwanja mpya wa Msalato, Dodoma, wengi huzungumzia njia yake ya kurukia ya kilomita 3.6. Ila msimu wa mvua, wingu likishuka, rubani haioni hiyo lami. Anategemea mitambo ya redio iliyo ardhini, na hailingani.

NDB, ya zamani na ya bei nafuu, humwonyesha upande kilipo kituo, basi. Radi zikipiga sindano yake huyumba, yaani inasumbua siku ileile anapoihitaji.

VOR ni sahihi zaidi: humwambia yuko kwenye mstari upi kutoka kituoni. Lakini mawimbi yake hunyooka. Kilima kikikaa katikati, yanakatika. DME huongeza umbali.

ILS ndiyo humshusha. Wimbi moja humweka katikati ya njia, lingine humteremsha taratibu, kwa kawaida nyuzi 3. Pasipo nayo, mara nyingi rubani hutakiwa kuiona lami akiwa bado juu zaidi. Asipoiona anapaa tena, na abiria wa Dodoma wanaweza kujikuta Dar es Salaam.

Setilaiti nazo huongoza ndege, lakini mawimbi yake ni dhaifu, huvurugika kirahisi.

Kwa makao makuu ya nchi, swali si urefu wa njia tu. Ni mtambo gani utakuwa unawaka siku ya wingu?