Deni la Mwajiri

Mtu akiazima ng'ombe wa jirani kulimia shamba lake, humlisha na kumnywesha. Akikodi mkokoteni na gurudumu likavunjika, hulitengeneza. Hapana aonaye ajabu katika hayo. Ajabu ni kwamba wako waajiri watumiao mkono wa binadamu miaka mingi, kisha wakasema kuchakaa kwa mkono huo si juu yao.

Tazama, msomaji, miji iuzungukayo Mlima Kenya. Katika mashamba ya maua ya Timau na Nanyuki, katika majengo yanayoinuliwa Karatina, katika malango yanayolindwa usiku mjini Nyeri, utakuta watu wa mkataba mfupi. Mkataba ukiisha huandikwa mwingine, na baada yake mwingine, hata mvi zikaota. Wengine hutumwa na tajiri huyu, wakalipwa na wakala yule. Siku ya kuuliza fedha za uzeeni, tajiri huwaelekeza kwa wakala, na wakala huwarudisha kwa tajiri.

Sheria haikunyamaza. Mwaka 1965 Kenya iliunda hazina ya malipo ya uzeeni, ijulikanayo kwa herufi NSSF. Sheria yake mpya ilipitishwa mwaka 2013, ikazuiliwa na kesi, na viwango vyake vikaanza kutozwa mwaka 2023. Kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, hutakiwa kumwandikisha. Mwenye mshahara wa shilingi 15,000 hukatwa sehemu 6 katika 100, yaani shilingi 900, na mwajiri huongeza 900 zake. Kwa mwaka ni 21,600; kwa miaka 10 ni 216,000, kabla ya faida. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zitimizazo mwezi ahesabiwe kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Basi jina la kibarua haliwezi kudumu miaka saba.

Waajiri hao hujitetea kwa hoja tatu. Ya kwanza ni gharama. Lakini gharama haifutiki kwa kukataliwa, huhamia kwingine. Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Mlinzi aliyechoka hurejea kwao Othaya au Mukurwe-ini, na dawa zake hununuliwa na watoto wake. Huenda fedha hizo zilikuwa karo yako wewe usomaye.

Hoja ya pili ni kwamba mfanyakazi ni wa wakala. Nani aliyemchagua wakala? Mwenye kazi na adai stakabadhi za hazina kabla ya kumlipa wakala kila mwezi. Anayekagua idadi ya maua yaliyokatwa hashindwi kukagua karatasi moja.

Hoja ya tatu ni kwamba mfanyakazi mwenyewe hupenda fedha zote mkononi. Mwenye njaa leo hawezi kuombwa aamue juu ya njaa ya miaka 30 ijayo. Ndiyo maana sheria ilifanya jambo hili kuwa lazima, si hiari. Na akikatwa fedha zisifike hazinani, huo si uzembe, ni wizi.

Sisemi kila mwajiri ni dhalimu. Wako walipao kwa wakati, na ushindani wa wasiolipa huwaumiza. Wala mchuma kahawa wa wiki mbili kule Mathira si sawa na mlinzi wa miaka saba. Nasema tu kwamba aliyekula jasho la mtu ana deni la uzee wake.

Kesho utakuwa mfanyakazi, karani au mwajiri. Ukiwa mfanyakazi, dai namba yako ya uanachama, ukahakikishe kwamba fedha zimefika. Ukiwa karani, usiandike neno kibarua mbele ya jina la mtu uliyemkuta kazini. Ukiwa mwajiri, lipa.