Mbwa Wako Mzee Hahitaji Kopo Hilo

Ndugu mfugaji wa Arash, na wewe ndugu mfanyabiashara wa mnadani, leo tuambiane ukweli.

Mbwa aliyelinda boma lako miaka kumi sasa anaamka kwa shida. Asubuhi ya baridi anachechemea, jua likipanda anachangamka kidogo. Mbuzi wakienda malishoni, anabaki nyuma. Mara nyingi hayo ni maumivu ya viungo vya uzee: gegedu inayokinga ncha za mifupa imelika. Hapo ndipo anapotokea mtu na kopo la "virutubisho vya viungo" kutoka mjini, akikuahidi kwamba mbwa atarudi ujanani.

Mimi nasema usinunue. Makopo mengi ya aina hiyo yana glukosamini, inayotengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa, pamoja na kondroitini ya gegedu za wanyama. Mwaka 2022 watafiti wa Kanada walipitia majaribio mengi yaliyofanywa kwa mbwa na paka wenye ugonjwa huu. Walikuta mchanganyiko huo hausaidii, wakashauri usipendekezwe tena. Kilichoonyesha faida ni omega-3, ile ya mafuta ya samaki.

Utaambiwa, "Hata lisiposaidia, halidhuru." Linadhuru! Linakula fedha ya matibabu, na mbwa anaendelea kuumia huku wewe ukisubiri miujiza.

Kuna kosa kubwa kuliko hilo: kumpa mbwa diklofenaki au ibuprofeni iliyobaki nyumbani. Dawa hizo za binadamu humtoboa mbwa tumbo na kuua figo zake. Wewe mwenye duka, ukiulizwa dawa ya mbwa, usimkatie mteja vidonge vya watu.

Fanya haya badala yake:

1. Kagua mguu kwanza. Huenda si uzee, ni mwiba wa mgunga, kucha iliyopasuka au kidonda.
2. Mpe pa kulala pakavu, pasipo upepo. Ngozi kuukuu au majani makavu yanatosha.
3. Mpunguzie kazi, usimfunge kutwa. Atembee kidogo kila siku, alinde ndama karibu na boma. Mbwa kijana ndiye aende mbali.
4. Kama amekonda, mwongezee chakula. Kama amenenepa, mpunguzie. Uzito unaongeza maumivu.
5. Akiendelea kuumia, mwite mtaalamu wa mifugo. Zipo dawa za maumivu za mbwa, kama meloksikamu, zinazotolewa kwa kupima uzito wake.
6. Mchanje kichaa cha mbwa hata akiwa mzee. Dalili zikishatokea, ugonjwa huo hauna tiba, kwa mbwa wala kwa mtoto aliyeng'atwa.

Najua wapo watakaosema, "Mbwa ni mbwa tu, akichoka atupwe." Hesabu basi mbuzi waliookoka kwa sababu alibweka usiku fisi alipokaribia. Ng'ombe akizeeka tunamuuza, tunapata kitu. Mbwa hana bei mnadani wala kiinua mgongo. Anachodai ni pa kulala, chakula na macho yako kwenye mguu wake.

Leo jioni, kabla hujafikiria kopo, chuchumaa umshike huo mguu. Mengi utayaona hapo hapo.