Mwenye Jembe Hana Daraja

Kila mvua za Oktoba zinapokaribia, watu hupita Mabamba kutoka Burundi kuingia Kibondo, na wengine hufika hadi mashamba ya Kasulu. Huja na jembe begani na nguo zao kifurushini. Wanakuja kulima mahindi, maharage na mihogo ya wananchi wetu. Lugha haiwapi taabu, kwani Kirundi na Kiha ni lugha ndugu. Taabu yao ni karatasi.

Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 imegawa vibali vya kazi katika madaraja matano. Daraja A ni la wawekezaji. B ni la taaluma zilizotajwa, kama udaktari na ualimu wa sayansi na hisabati. C ni la taaluma nyinginezo, D la watumishi wa dini na wa mashirika ya hisani, na E la wakimbizi. Mwenye jembe hatajwi po pote. Tena mwajiri hudaiwa aonyeshe kwamba alimtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akamkosa, na alete mpango wa kumrithisha mwananchi ujuzi wa mgeni. Sharti hilo ni jema sana kwa mtaalamu wa gesi. Lakini mwenye shamba la maharage aandike mpango gani wa kurithisha palizi?

Hatuilaumu sheria kwa kulinda kazi za wananchi. Neno letu ni juu ya kipimo. Mpangilio wa kazi wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa mwaka 2008, humweka mkulima alimaye shamba lake, hata kama ni la chakula cha nyumbani tu, katika kundi la 6, la wakulima wenye ujuzi. Kibarua wa shamba yumo kundi la 9, la kazi za chini kabisa. Basi mtu yule yule, akipalilia maharage yake kule Ruyigi ni mjuzi. Akivuka mpaka akapalilia ya mwingine Kibondo, ujuzi umemtoka njiani. Mikono haikubadilika. Kilichobadilika ni mwenye shamba.

Wazee wa Buha wanaijua hesabu hii. Wakati wa ukoloni Kasulu na Kibondo zilifanywa ghala la vibarua. Mabwana wa mkonge, ambao mwaka 1944 waliunda ofisi yao ya kuandika watu, SILABU, walichukua vijana huku wakawapeleka mashamba ya mbali, hata Tanga. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake. Kukata mkonge ni kazi ya kufundishwa, na asiyeijua huumia. Lakini ilihesabiwa kuwa kazi isiyo na ujuzi, na mshahara ukafuata jina hilo.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, nayo ilifungua milango ya kazi kwa majedwali, na jedwali la Tanzania lilitanguliza wenye taaluma. Hata wakimbizi wa Nduta na Nyarugusu, ambao wana daraja lao, wameishi kwa ruhusa ya kutoka kambini, na waliopata kazi humo wamelipwa posho, si mshahara.

Ni nani afaidikaye? Mwajiri wa mtu asiye na kibali ajua kwamba mtu huyo hawezi kwenda kwa Afisa Kazi. Akimlipa nusu, au siku ya malipo akamtishia Uhamiaji, shauri limekwisha. Na kijana wa Kasulu aombaye kazi katika shamba hilo hilo hutajiwa bei ya Mrundi. Kumwacha mgeni nje ya madaraja hakumlindi mwananchi hata kidogo; kunamshusha.

Sisi twasema pawe na kibali cha msimu. Kitolewe mpakani penyewe, Mabamba na Manyovu, kwa ada ambayo kibarua aweza kuimudu. Kitaje mwajiri, muda, na ujira usiopungua kima cha chini cha kilimo kilichowekwa na Serikali. Malipo yakikosekana, aulizwe mwajiri kwanza, kabla kibarua hajapakiwa kwenye gari la Uhamiaji. Viongozi wa matawi katika kata za mpakani wanawafahamu wenye mashamba wote wanaoajiri. Wakae nao pamoja na Afisa Kazi kabla ya mvua zijazo.